Chumba cha Sinema cha Haji Gedi

Jumatatu, 3 Februari

Nimefagia ukumbi. Popo wamerudi darini, mavi yao mpaka viti vya mbele. Nimepangusa lensi ya projekta kwa kitambaa cha miwani, kazi ya kila Jumatatu. Vumbi la Garsen halina adabu. Jana mechi mbili, watu wengi, kelele nyingi. Mmoja kavunja kiti mbele ya macho yangu, kisha akakana.

Alasiri akaja Haji Gedi, yule tajiri wa ng'ombe. Tangu nifungue ukumbi huu wa video hajawahi kukanyaga hapa. Alisimama mlangoni kimya mpaka nilipomsalimu mimi. Kiburi cha mali. Kisha akasema anatengeneza chumba cha sinema nyumbani kwake na anataka nimchagulie mitambo.

"Buya, hii mambo wewe ndiyo unajua. Mimi nataka picha kubwa. Ukuta yote."

Nimesema sawa. Sijui kwa nini nimesema sawa. Haji hatazami mpira. Hatazami hata habari, redio tu. Leo anataka picha ya ukuta mzima. Kuna kitu hapa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kukiona chumba. Ni ile stoo yake ya zamani ya chumvi na dawa za mifugo. Madirisha yamezibwa kwa mawe. Kuta zimepakwa rangi nyeusi, hata dari. Joto hili la Februari, na mtu anaziba madirisha.

Mlango mmoja tu, nao unatazama barabarani. Si uani kwake. Barabarani.

Ukisimama pale mlangoni unaona paa la ukumbi wangu. Nilisimama, nikaliona.

Nimemweleza mke wangu Habiba. Yeye hukaanga viazi karai nje ya ukumbi, kwa hiyo jambo hili ni lake pia. Amecheka. "Baba Hadija, mtu akijenga kwake, wewe unaumwa wapi?" Naumwa pale pale anapopaswa kuumwa na yeye. Mto umelila shamba letu Ndera, safari hii haukubakiza hata mgomba. Mguu tuliobaki nao ni ukumbi huu. Haji akifungua wake, na kiyoyozi ndani, nani atakuja kukaa na popo wangu?

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi naona.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemuuliza Haji viti vingapi. Kasema kimoja kwanza. Vingine baadaye.

Hicho "baadaye" ndicho kinachonikera. Nani hujenga chumba cha sinema cha kiti kimoja? Anasubiri nimalize kumfundisha kazi, kisha vije vile vya plastiki, safu kwa safu.

Jambo jingine. Anataka kiti kiwe karibu na ukuta. Karibu sana. Nikamwambia picha kubwa hutazamwa kwa mbali, shingo itamuuma, nukta zitaonekana. Akatikisa kichwa. "Wewe weka tu." Hata kubishana hataki. Anaficha.

Ijumaa, 7 Februari

Leo baada ya swala nimepishana naye uso kwa uso nje ya msikiti. Amepita. Hakunitazama, hakunipa hata mkono. Jana nilikuwa fundi wake, leo mimi ni nguzo ya umeme.

Nimekasirika mpaka wali haukushuka. Habiba kasema pengine hakuniona. Nimemwambia mtu yule hakukosea njia, hakujikwaa, alilikwepa jiwe na mbuzi aliyelala. Mbuzi amemwona, mimi hakuniona?



Jumapili, 9 Februari

Malindi na Haji, kwa gari lake. Dereva wake haongei. Haji naye haongei. Mimi nilikuwa na mengi ya kuongea, sikuongea.

Duka kubwa la vyombo vya umeme. Tumeanza na televisheni. Wameziwasha zote ukutani. Haji alisimama mbele ya ile kubwa kabisa, uso kaugeuza pembeni, kama anautazama mlango wa duka. Nimeshaona hivi mara nyingi sasa. Hamtazami mtu wala kitu moja kwa moja, hutazama kwa ubavu. Marehemu baba alinionya juu ya watu wa namna hii. Haji akasema hapana, ndogo. Muuzaji karibu alie. Ile televisheni haipiti hata kwenye mlango wangu.

Kisha spika. Hapa nilistaajabu. Muuzaji akaweka muziki, sabufa ikapiga mpaka vioo vikatetemeka, nami nikaona hii ndiyo yenyewe. Haji akainua mkono. "Zima hii. Weka mtu ya kunong'ona." Wakatafuta, wakaweka mtu anasimulia hadithi kwa sauti ya chini. Akainama, sikio karibu na spika. Akataka nyingine. Na nyingine. Nikamweleza kwamba hizo mbili za pembeni ni za muziki na kelele za uwanja, na kwamba maneno hutoka kwenye ile ya katikati, hapo asibane mkono. Akauliza kama mtu akikohoa mbali itasikika. Nikasema itasikika. Akachukua ile ya katikati nzuri kuliko zote, na za pembeni za kawaida. Sabufa hakuitaka kabisa.

Sinema bila besi. Mpira bila kishindo. Sielewi. Nisichokielewa sikiamini.

Jumapili hiyo hiyo, baadaye

Nimeacha sehemu moja. Naiandika, maana humu simdanganyi mtu.

Adhuhuri Haji alikwenda msikitini na dereva, akaniachia projekta nichague mimi. Mimi nilisema nitaswali baadaye. Muuzaji akanionyesha mbili nyuma ya duka. Moja ni ndugu ya ile yangu: taa zimewashwa na bado majani ya uwanja ni kijani, unahesabu vifungo vya shati la refa. Ya pili ina kasha la kupendeza na namba kubwa kubwa za mwanga. Namba za uongo, kila mtu wa kazi hii anajua. Nikaiwasha. Maji ya mchele.

Nimechukua ya pili.

Haji akarudi, akanipa kasha. "Soma wewe." Hata kusoma anasomewa. Nikamsomea zile namba kwa sauti, mbele ya muuzaji aliyekuwa anatazama viatu vyake. Akauliza, "Itaonyesha hata unywele?"

Nikasema ndiyo.

Akifungua ukumbi wake, wateja watazame ukungu. Watarudi kwangu. Sioni haya. Nilikuwa nimeandika hapa "sioni haya sana", nikalikata "sana".

Jumatano, 12 Februari

Mnada leo. Nilikwenda kwa sababu moja tu.

Nikamkuta Haji na Godana, dalali wa Kiorma. Wamekaa mkono kwa mkono chini ya shuka, kama wanavyofanya wakipatana bei: unambana mwenzio vidole, yeye anakubana, waliosimama pembeni hawajui kitu. Sawa, hiyo ni desturi. Lakini ng'ombe alikuwa wapi? Hakukuwa na ng'ombe karibu nao, wala mbuzi. Walikuwa wanapatana bei ya nini?

Upande wa pili wa ukuta wa ukumbi wangu kuna kiwanja kitupu. Kila mtu anajua kinauzwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nilijua. Asubuhi nimemwona Godana nje ya ukumbi wangu, simu juu, anapiga video. Ng'ombe wa mnada walikuwa wanapitishwa kwenda mtoni, yeye katikati yao na simu. Lakini simu ilielekea kwangu. Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nikamkodolea macho. Akanipungia mkono! Akatabasamu!

Nimemwambia Habiba wanapima mahali, wanampelekea Haji. Habiba akaacha kumenya viazi. Safari hii hakucheka, na mimi nikaogopa zaidi. Nilikuwa nategemea kicheko chake.

Jumamosi, 15 Februari

Silali vizuri. Jana nimekosana na wateja wawili juu ya kiti. Watu wanaulizana Buya ana nini.

Nimefunga spika kwa Haji. Kazi nimeifanya vizuri, siwezi kuharibu waya kwa makusudi, mikono inakataa. Mazulia mazito nimetundika kuta mbili kumeza mwangwi. Ile spika ya katikati nimeiweka chini ya picha, usawa wa sikio la aliyekaa. Nikamjaribishia redio. Alikaa kwenye kile kiti chake kimoja, akafumba macho, akasema, "Aa. Hapo. Nasikia mpaka anameza mate."

Akaniletea chai ya maziwa ya ngamia kwa mkono wake mwenyewe. Akaimimina nje kidogo ya kikombe.  Nilikunywa, na chai ile haikuniingia vizuri.

Jumatatu, 17 Februari

Umeme hakuna kutwa. Projekta ya Haji bado haijafungwa. Nimefurahi umeme hakuna.

Alhamisi, 20 Februari

Habiba amesikia visimani kwamba Haji atafungua siku ya Idd. Nikamuuliza kasikia kwa nani. Kwa mke wa kinyozi. Na mke wa kinyozi kasikia kwa nani? Tukafuata mpaka mwisho. Kumbe maneno yalitoka kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia kinyozi.

Hata hivyo.

Ijumaa, 21 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaenda kufunga projekta. Haji akafunga mlango, giza tupu. Akanipa simu yake. Nikangoja mpira. Nikangoja hata filamu za mapigano. Akasema nifungue video ya juu kabisa, ile ya Godana.

Ng'ombe. Ukuta mzima, ng'ombe. Wanapita mmoja mmoja, na sauti ya Godana kando yao anataja umri na walikotoka. Wanapumua, mmoja anakohoa, spika ya katikati inatoa kila kitu. Na nyuma ya fahali mwekundu nikaona ukuta wa ukumbi wangu, na mlangoni mtu mwenye ufagio aliyekunja uso. Mimi.

Haji alikuwa ameinuka kwenye kiti. Aliusogelea ukuta mpaka pua karibu iguse, akageuza kichwa upande, upande wa pili, akarudi. Akauliza kama yule mwekundu ana kovu begani. Nikatazama. Lilikuwepo, mimi nililiona kwa shida kwenye ule ukungu. Yeye akapapasa ukuta mahali pa bega kwa kiganja, kama anavyopapasa ng'ombe sokoni. Nilidhani siku zote ni madaha ya tajiri.

Akakaa. Akasema taratibu, na mimi naandika alivyosema.

"Daktari ya Mombasa alisema katikati ya jicho imekufa. Pembeni naona. Wewe naona iko hapo, lakini sura hakuna. Mnada wakijua hii, wataniletea ng'ombe ya ugonjwa, wote, hata ndugu yangu. Nikasema nitafanya picha kubwa, giza, ukuta yote, nitaona. Sasa hata ukuta sioni. Basi. Imekwisha."

Nilikuwa nimeshika rimoti. Sikujua niiweke wapi.

Nilimuuliza kwa nini aliniita mimi. Akacheka kidogo. "Waryaa, Garsen yote inasema Buya haamini mtu. Mtu haamini mtu, hana mtu ya kuambia siri."

Ile nje ya msikiti. Ile bei ya chini ya shuka, kumbe ilikuwa ya video hizi. Lile kasha nililosomeshwa. Ile chai. Kila kitu nilikiona, na kila kitu nilikisoma vibaya. Na macho yake hayajafika mwisho. Ile ni projekta niliyomchagulia mimi. Nimemfanya mtu aamini amepofuka.

Sikumwambia. Nimerudi nyumbani. Habiba kauliza. Nimesema kichwa kinauma, na kweli kinauma.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi mapema, kabla ya viazi kuiva, nimeifungua projekta ya ukumbi wangu. Ile nzuri. Nimepangusa lensi, nimeifunga kwenye kanga ya Habiba, nimeibeba kifuani mpaka kwa Haji.

Alidhani nimekuja kuchukua vyombo vyangu. Alikaa kwenye kiti chake. Nikapanda ngazi, nikashusha ile ya maji ya mchele, nikapandisha yangu. 

Nikawasha. Fahali mwekundu yule yule.

Haji hakuinuka mara moja. Kisha akaenda ukutani, kichwa pembeni. Akasimama pale muda mrefu. Akataja kovu. Akataja sikio lililochanika kwa nyuma. Akataja kwamba mguu wa kulia wa nyuma unakanyaga vibaya, jambo ambalo mimi na macho yangu mazima sikuliona mpaka aliponionyesha. 

Nikamwambia: "Haji, ni mashine ilikuwa mbovu. Si macho."

 Aliuliza kwa sauti ya mnadani, ile isiyopanda wala kushuka. "Wewe ulijua?"

Nikasema nilijua. Nikamwambia nilivyodhani anajenga ukumbi aniue njaa. Nilitegemea atanifukuza. Ningekuwa mimi, ningejifukuza.

Alitandaza shuka juu ya mikono yetu, akaushika mkono wangu chini yake. Nikajua anauliza bei. Bei ya projekta au bei ya kunyamaza kwangu, sijui, pengine zote mbili. Alingoja vidole vyangu.

Nikakunja ngumi. Vidole vyote ndani, sikumpa hata kimoja.

Akaupapasa ule mkono uliokunjwa, kidole kwa kidole, ahakikishe. Kisha akauachia. "Hii bei mimi sijawahi kuona," akasema. Nikaondoka na ile mbovu kwenye kanga.

Jumapili, 23 Februari

Mechi jioni. Nimefunga projekta ya maji ya mchele ukumbini. Nimesogeza meza, nimeziba tundu za paa kwa magunia, nimefanya nilichoweza. Bado ni ukungu.

Vijana wamepiga kelele. "Buya, hii picha imekuwa aje? Mpira hatuicheki!"

Nimewaambia wasogee mbele. Wengine wamesogea. Wengine wametoka. Nilihuzunika na nilistahili.

Habiba amejua mara moja, yeye si mjinga. Kauliza projekta iko wapi. Nimesema nimemwazima mtu. Kauliza nani. Nimesema siwezi kusema. Amenitazama sana. Sasa mwenye kutiliwa shaka nyumba hii ni mimi.

Jumatano, 26 Februari

Maneno mjini: Buya na Haji Gedi ni washirika. Buya kapeleka mashine yake nzuri kwa tajiri, anawaachia maskini ukungu, watafungua pamoja Idd. Kinyozi hanisalimu. Nimemwacha. Kumwambia ukweli siwezi, na uongo nimeuchoka.

Godana amepita leo na simu yake, anapiga video ng'ombe wa mnada. Nimemsogezea toroli lililokuwa njiani ili apate picha ya miguu. Hakuuliza kwa nini. Dalali mzuri.

Ijumaa, 28 Februari

Ramadhani ni kesho au kesho kutwa. Habiba amenunua tende. Ukumbi utapumzika mchana, na popo watafurahi.

Baada ya swala nimemwona Haji akija kwa mbali, peke yake, katikati ya watu wote wanaotoka msikitini. Alimkwepa mbuzi, akaliruka jiwe. Nikamngoja.

Habiba alikuwa pembeni yangu na kikapu. Baadaye amenihoji njia nzima mpaka nyumbani: huyu mtu anakujua miaka yote, kwa nini unajitaja jina? Nimemwambia ni mazoea tu.

Alipokaribia, kabla hajanifikia, nilisema kwa sauti ya kutosha: "Assalaam alaykum, Haji. Ni Buya."

Akanyoosha mkono pale pale.